Mji Uliopata Alama Arobaini na Moja

Mpimaji alipoingia karakana mchana ule, alimkuta mpenzi wake amepiga magoti mbele ya mwanamume mwingine, amemshika chini ya goti kwa mikono miwili, anamwuliza kwa sauti laini, "Niambie ukweli. Panauma au hapaumi?"

Hakushtuka. Ukimpenda mwanamke anayetengeneza miguu ya bandia, mambo kama hayo unayazoea kabla mwaka haujaisha. Alijiegemeza mlangoni, bomba refu la kubebea ramani likiwa kwapani, akangoja zamu yake.

"Pananifinya kidogo," alijibu yule mzee aliyekaa kitini. Kwa miaka thelathini alikuwa amesambaza barua nyumba kwa nyumba, mpaka mguu mmoja ukaoza kwa kisukari, ukakatwa. Watu walimwita Mzee Posta. "Lakini kama ni wewe unayeshika, naweza kusema panauma mpaka jioni."

"Babu, mchumba wangu yuko mlangoni."

"Namwona. Ndiyo maana nimeongeza sauti."

Fundi alicheka, naye si mwepesi wa kucheka akiwa kazini. Kila mtu alimwita Fundi, hata baba yake mzazi. Alifuta vumbi la plasta mikononi, akainua macho, na macho yake yakakutana na ya Mpimaji. Hapo, kama kawaida, kitu kikamcheza Fundi kifuani. Miaka miwili sasa, na bado hakijazoea.

"Twende tukapande," alimwambia mzee.

Nyuma ya karakana, uani, palikuwa na kitu alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe: mteremko wa mbao na ngazi saba. Hakuna mteja aliyeondoka na mguu mpya kabla hajaupanda na kuushuka. Mafundi wengine humsimamisha mtu sakafuni, wakiona amesimama wima wakampa mkono wa kwaheri. Fundi aliona huo ni uvivu. Sakafuni kila mguu ni mzuri. Ni kwenye mteremko huo huo ndipo alipogundua, baada ya kuharibu vifundo vya mguu kumi na saba, namna ya kutengeneza kifundo kinacholegea mtu akipanda na kukaza akishuka.

Mzee Posta alipanda. Alisita kwenye ngazi ya nne, akapumua, akaendelea. Alipofika juu hakusema utani wowote. Alisimama tu, kidevu juu, akautazama uwanja ule mdogo kama mtu aliyekabidhiwa tena mtaa wake.

"Chukua mguu wako, babu," Fundi alisema. "Umekamilika."

Kifundo hicho ndicho kilichomletea barua. Kituo kikubwa cha ng'ambo kilikuwa kimeona kazi yake kwenye maonyesho, kikamwita kazini. Kina karakana katika miji mitatu, na wafanyakazi wengine wote huambiwa pa kwenda. Yeye aliambiwa achague. Jibu lilitakiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana, na leo ilikuwa Jumamosi.

Baba yake alikuwa ameitisha kikao cha saa kumi. Mzee huyo aliendesha treni maisha yake yote, kwa hiyo saa kumi kwake ni saa kumi. Walipoingia sebuleni saa kumi kasoro dakika mbili alikuwa tayari amekaa, na Shangazi, dada yake, aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki, alikuwa dirishani anashona pindo la sketi ya mtu. Kwenye kiti cha peke yake, mkoba magotini na mgongo haugusi egemeo, alikaa mama yake Mpimaji. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, lakini ualimu mkuu haukuwa umestaafu kwake. Wote walimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," Fundi alisema.

"Marahaba. Una plasta sikioni."

Fundi alijifuta sikio. Mpimaji alifungua lile bomba, akatoa karatasi, akaitandaza juu ya meza na kuikandamiza pembe kwa vikombe. Wote waliinama kuitazama. Hata Shangazi aliacha sindano.

Ilikuwa kazi nzuri, hilo halina ubishi. Wiki tatu alikuwa ameichora. Mstari umenyooka, maandishi yamesimama kama askari. Safu tatu: mji wa mtoni, mji wa bandari, mji wa milimani. Mambo kumi na mawili yaliyopimwa. Usalama wa mtu anayetembea peke yake. Umbali wa hospitali. Siku za mvua. Kelele. Wepesi wa mgeni kupangishwa nyumba. Majirani wanaojibu salamu.

"Salamu umezipimaje?" Baba aliuliza.

"Niliwaandikia watu wanaoishi huko. Kila mmoja nilimwomba asalimie watu ishirini asubuhi moja, ahesabu wanaojibu."

"Na wakakubali?"

"Mmoja alikataa. Alisema katika mji wake akifanya hivyo ataitiwa polisi. Nikapunguza alama mbili."

Shangazi aliangua kicheko. "Mji gani huo?"

"Wa bandari."

"Basi si kitu, Fundi hapendi salamu. Mpeleke bandarini, kuna maduka ya vitambaa. Mji usio na vitambaa ni kambi."

"Treni?" Baba aliuliza.

"Mtoni zinafika kwa wakati. Bandarini zinachelewa. Milimani hakuna treni, reli haipandi."

"Mimi nimemaliza," Baba alisema, akajiegemeza. "Mtoni."

Mpimaji aliweka kidole chini ya safu. Mji wa mtoni, alama themanini na saba. Mji wa bandari, sabini na moja. Mji wa milimani, arobaini na moja. Alisema hayo bila kujisifu, lakini masikio yalikuwa yamemwiva, na Fundi alijua maana yake. Alimpenda alivyokuwa wakati ule. Nani mwingine duniani angepima miji mitatu kwa ajili yake, mpaka salamu?

Kisha macho yake yakashuka kwenye kona ya chini, mkono wa kulia. Ramani zote za Mpimaji zilikuwa na kisanduku pale. *Amepima:* na jina lake. *Kwa ajili ya:* na jina la mwenye kazi. Katika kisanduku hicho palikuwa na jina lake yeye, Fundi, peke yake. Alirudi juu, akasoma tena kwa makini. *Nyumba: chumba kimoja. Umbali wa kwenda kazini: kwa mtu mmoja.*

Mpimaji hakuwa amejihesabu.

"Mchoro ni mzuri," Mwalimu alisema, kana kwamba alikuwa amesoma alichosoma Fundi. "Sina neno na mchoro. Nina swali moja kwa mwanangu. Binti akienda huko mtoni, wewe unafanya nini?"

"Mama."

"Nauliza tu. Una ofisi. Una watu wanne wanaokuita bosi. Usije ukaniambia unamfuata mwanamke ng'ambo ukakae nyumbani unamngojea arudi kazini. Watu watanicheka mimi. Watasema mwanangu ameolewa."

Shangazi alikohoa ili asicheke. Baba alitazama dari. Mpimaji aliinyoosha tu kona ya karatasi, na hilo lilimwuma Fundi kuliko maneno ya mama mtu.

"Naomba unisaidie jikoni," Fundi alimwambia. "Chai."

"Hapa pana chai ya kutosha," Shangazi alisema.

"Shangazi."

"Haya, nendeni mkapike nyingine."

Jikoni hakugusa hata sufuria. Alisimama na mgongo kwenye sinki, mikono nyuma.

"Chumba kimoja," alisema.

"Kinamtosha mtu mmoja."

"Na wewe?"

"Kwenye kisanduku huandikwa jina la aliyeagiza kazi."

"Mimi sikuagiza. Ulipima mwenyewe, kwa hiari yako, wiki tatu. Ukasahau kujipima."

Mpimaji alitabasamu kidogo, si tabasamu la furaha. "Sikusahau. Unakumbuka siku barua ilipokuja?"

"Nakumbuka."

"Ulimsomea baba yako. Ukamsomea Shangazi. Mzee Posta ulimsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amesinzia. Halafu ukaja ofisini kwangu. Nikasema moyoni, sasa ataniambia twende. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Fundi alikumbuka. Uso ulimwaka.

"Uliniuliza kama nina bahasha kubwa ya kuitunzia barua," Mpimaji alisema.

"Nilikuwa naogopa."

"Wewe? Wewe unayekata nyama ya watu?"

"Sikati nyama ya watu. Nakata plastiki." Alivuta pumzi. "Ile ofisi umeijenga miaka saba. Kibao cha mlangoni ulikipaka rangi mwenyewe, herufi ya mwisho haikuenea ukaibana pembeni. Nianze vipi kumwambia mtu aache kitu kama hicho? Nilitaka uje mwenyewe. Kama ungetaka, ungesema."

"Na mimi nilikuwa nangoja kuulizwa. Sikutaka kujipachika kwenye safari ya mtu. Kazi ni yako, sifa ni yako, wewe ndiye uliyeitwa. Nikija nije kwa sababu umenitaka."

Walitazamana. Wiki tatu walikuwa wamekula pamoja, wamecheka pamoja, kila mmoja ameshikilia mlango wake wazi na kungoja mwenzake apite kwanza. Jua la saa kumi na moja lilikuwa limepita dirishani likamkaa Mpimaji shingoni, pale alipochomwa na kazi ya nje, na Fundi alitamani kuweka kiganja chake hapo. Hakukiweka.

"Nikikuuliza ukakataa," alisema polepole, "nitakwenda vile vile. Nataka ujue. Nitalia mpaka macho yavimbe, lakini nitakwenda."

"Najua. Ukibaki kwa ajili yangu nitajionea aibu kila nikikuona."

"Basi niulize?"

Mpimaji alifungua mdomo, lakini yeye akamwekea mkono mbele. "Hapana. Usijibu. Hapa jikoni sikuulizi. Nikikuuliza hapa, mama yako atasema nilikuvuta kichochoroni. Mimi si mwizi. Twende."

Aliondoka kwanza. Alikuwa mwoga wa watu tangu utotoni, mtoto wa kujificha nyuma ya cherehani ya Shangazi wageni wakija, na kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua tisa tu, lakini alizihisi zote tisa. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza, karatasi ile ikiwa kati yake na wazee.

"Nimechagua," alisema.

"Mtoni," Baba alisema.

"Milimani."

Shangazi alijichoma sindano. Baba aliinama juu ya karatasi kutafuta kama amesoma vibaya. "Mwanangu, milimani ni arobaini na moja. Mvua nusu mwaka. Hakuna treni."

"Nimesoma, baba. Na hapa kwenye mstari wa tisa: mitaa ni mikali, ngazi ni nyingi, mtu anapanda kufika nyumbani, anapanda kufika dukani. Mpimaji ametoa sifuri. Kwa mtu wa kawaida ni sawa kabisa, ni sifuri." Sauti yake ilianza ndogo, sasa ilikuwa inapata miguu. "Sasa fikirieni mtu wa mji huo aliyekatwa mguu. Wanamtengenezea sakafuni, anarudi nyumbani, anakuta ngazi sitini. Wakuu wa kituo wameniandikia wenyewe, miguu mingi ya karakana ile inarudishwa. Watu wanakaa ndani miaka kwa sababu ya ngazi. Mtoni ni tambarare. Huko mguu wowote unatembea, hawanihitaji. Nikitaka mji wa kupumzika, nitakwenda mtoni nikizeeka. Lakini kwangu mimi mahali pa kuishi ni mahali ambapo nikifungua mlango asubuhi, kuna mtu anangoja kitu ninachokiweza kuliko wengine. Kwenye karatasi hii hakuna mstari wa hilo. Si kosa la aliyepima."

Baba alikuwa anamtazama kama alivyokuwa akiitazama njia ya reli mbele yake, macho madogo, bila kupepesa. Halafu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema, akimwambia nani haikujulikana.

"Tumemlea sote," Shangazi alisema, akinyonya kidole.

Fundi alimgeukia Mwalimu. "Mwalimu, kuna jambo nataka kumwuliza mwanao. Nataka uwepo nikimwuliza, usije ukasikia kwa watu."

Mwalimu aliinua kidevu kidogo. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Fundi alimtazama Mpimaji, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Ofisi yako ni nzuri, na sina kitu cha kukulipa kwa kuiacha. Ninakokwenda mvua ni nyingi na majirani sijui. Lakini nakutaka. Sitaki uje kunibebea mzigo wala kunilinda, nakutaka wewe. Utakuja nami?"

Sebule nzima ilimgeukia. Mpimaji alikuja mpaka mezani, akasimama karibu na mama yake.

"Mama, niliandika barua nyingine ambazo hazimo kwenye karatasi hii," alisema. "Niliulizia chama cha wapimaji katika miji yote mitatu. Leseni yangu huko haitambuliki. Kwa miaka miwili nitafanya kazi chini ya mtu, kisha nifanye mtihani upya. Nimeambiwa wazi, nitaanza kwa kushika fito za kupimia, wengine wakisoma vipimo."

"Kushika fito," Mwalimu alirudia. "Kazi uliyofanya ukiwa na miaka ishirini."

"Ndiyo. Nitaifanya nikiwa na thelathini na nne, na nitaifanya vizuri kuliko wakati ule. Milimani kuna vipimo vigumu ambavyo hapa sitavipata maisha yangu yote. Ofisi nitamwachia msaidizi wangu, ameiva. Siendi kukaa nyumbani, Mama. Ila hata kama ningekwenda kukaa nyumbani, ningekwenda." Alimgeukia Fundi. "Nitakuja. Nilikuwa nimekwisha kubali kabla hujauliza. Ila nashukuru umeuliza."

Fundi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimshuka, na hakuyafuta.

Mwalimu alifungua mkoba, akaufunga. "Na wewe," alimwambia Fundi, "wenzako huko wakikuuliza mume wako ni nani, utawaambia nini? Kwamba anashika fito?"

"Nitawaambia anashika fito," Fundi alijibu. "Nitawaambia alikuwa bosi kwao, akashuka mwenyewe, bila kusukumwa, ili aanze upya nami. Nitasema kwa sauti, Mwalimu. Mimi sina sauti kubwa, lakini hilo nitalisema."

Mama yule alimtazama kutoka sikio lililokuwa na plasta mpaka viatuni, kama anayesahihisha insha ya mwanafunzi ambaye hakumtegemea.

"Harusi iwe kabla ya safari," alisema mwishowe. "Mwanangu hasafiri akiwa mchumba wa mtu. Na iwe ndogo, sipendi kelele."

"Ndogo kiasi gani?" Shangazi aliuliza kwa hofu. "Mimi nina gauni kichwani tayari."

"Ndogo kiasi cha watu mia mbili."

Alisimama, akaaga, akakataa kusindikizwa. Walimsikia anatoka nje, viatu vyake vikigonga saruji ya ua. Jirani wa upande wa pili, mwanamke mwenye masikio marefu kuliko uzio wake, alikuwa anaanua nguo na hakukawia.

"Mwalimu, habari za humo ndani? Nasikia binti anahama nchi. Na kijana wako je, anabaki na nani masikini?"

Sebuleni waliyasikia yote. Mpimaji aliinamisha kichwa. Fundi alitazama dirisha.

"Habaki," Mwalimu alisema. Ilikuwa sauti ya kutangazia matokeo, ile inayofika mstari wa nyuma bila kipaza sauti. "Mkwe wangu ameitwa kazini ng'ambo. Wao ndio wamemwita, yeye hakuomba. Na mwanangu anakwenda naye."

"Anamfuata mkewe?"

"Anamfuata mkewe. Wako wewe anamfuata nani?"

Jirani alikumbuka kwamba ana kitu jikoni. Viatu viligonga tena saruji, polepole, vikapotea barabarani.

Sebuleni Baba alikuwa ameinamia karatasi, anamwuliza Shangazi kama kweli binadamu wameshindwa kupandisha reli mlimani au ni uzembe tu. Fundi alinyoosha mkono akaushika wa Mpimaji. Katika nyumba hiyo, mbele ya baba yake, hakuwahi kuthubutu. Baba aliinua macho, akauona mkono, akarudi kwenye milima yake. Fundi hakuuachia.